Kipima-upepo kilichokufa husema hakuna upepo

Mvua zinaporudi Kamina, kuanzia mwezi wa 9 na wa 10, upepo ndio unaotangulia maji. Vumbi linapanda, hewa inakuwa baridi ghafla, na kwa dakika chache kila mtu mwenye bashi juu ya meza yake ya biashara anakimbia kukamata kamba. “Ee mama, kunja bashi!” Hapo Sanga, kama sehemu zingine za mji, turubai ndiyo paa la mama mwenye kuuza unga, la fundi wa kinga, na la familia yenye kukaa kwenye kilio. Upepo ukiichukua, mali inalowana, na miti yenye kuishikilia inaangukia watu.

Kuna nchi ambapo kazi ya kuangalia upepo imepewa kifaa. Huko Ulaya watu wengi wanasafiri na motoka-nyumba, zile zenye kitanda na jiko ndani. Ubavuni mwake kuna turubai yenye kujikunjua kwa mota ili watu wakae kivulini. Juu ya turubai hiyo, au kwenye bomba lake la mbele, wanaweka kipima-upepo kidogo. Upepo ukizidi, kipima kinaamuru mota, na turubai inajikunja yenyewe hata kama mwenyewe amelala. Vipima vya ukoo huo huo viko kwenye vibanda vya maduka, viwanja vya ndege, vituo vya hali ya hewa vya shule, na mashine za umeme wa upepo.

Shida ni kwamba sehemu yenye kupima ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni plastiki nyembamba, rulma ndogo na waya, vyote vikikaa nje kwenye jua na mvua mwaka mzima. Tena inapovunjika hailii wala haitoi moshi. Makala hii inaeleza jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, jinsi piesi zake zinavyobadilishwa, na kwa nini mtu asikiamini bila kukijaribu.

Upepo wa kabla ya mvua

Wingu kubwa la mvua ya radi linabeba maji mengi na hewa baridi. Mvua inapoanza kuanguka ndani yake, inavuta hewa hiyo chini. Hewa baridi ni nzito, basi inashuka kwa kasi, inapiga ardhi na kutawanyika pande zote, kama maji ya ndoo iliyomwagwa sakafuni. Ndiyo maana upepo mkali unafika kabla ya matone, na unaweza kutoka upande ambao dakika tano kabla ulikuwa umetulia.

Nguvu yake haipandi polepole. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya turubai inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukipiga bashi uso kwa uso, unasukuma karibu kilo 6 kwenye kila mita mraba. Kwa bashi ya mita 4 kwa 5, hizo ni kama kilo 120, uzito wa watu wawili wenye kuning'inia. Upepo ukifika kilomita 72 kwa saa, bashi hiyo hiyo inasukumwa kwa karibu kilo 500, sawa na mifuko 10 ya simenti. Miti iliyochimbiwa kidogo haiwezi kushika uzito huo.

Hata turubai za mota za Ulaya hazikutengenezwa kwa kupigana na upepo. Kipimo chao, EN 13561, kinazigawa kwa madaraja. Daraja la 1 linavumilia upepo wa mpaka kilomita 28 kwa saa, la 2 mpaka 38, na la 3 mpaka 49. Ukizidi hapo, dawa ni kukunja, na hapo ndipo kipima kinahitajika.

Ndani ya kipima mna nini

Kile cha kawaida kina vikombe vitatu vyenye kuzunguka kwenye mhimili uliosimama. Mchungaji na mwanafalaki wa Ireland, Thomas Romney Robinson, alikitengeneza mwaka 1846 kikiwa na vikombe vinne. Baadaye ilionekana kwamba vitatu vinafuata upepo vizuri zaidi. Siri yake ni rahisi: upande wenye shimo wa kikombe unakamata upepo kuliko upande wa mgongo, basi upepo ukitoka popote, vikombe vinazunguka upande mmoja tu.

Chini ya vikombe kuna rulma, ule mviringo wa chuma wenye gololi ndogo ndani, unaoruhusu mhimili kuzunguka kwa urahisi. Kwenye mhimili kuna sumaku. Karibu na sumaku kuna kichupa kidogo cha kioo chenye vipande viwili vya chuma chembamba sana. Sumaku ikipita, vipande vinagusana na umeme unapita, ikienda, vinaachana. Kifaa kinahesabu migusano hiyo. Kwenye vipima vingi vya bei nafuu vya shule na vya nyumbani, mgusano mmoja kwa sekunde ni upepo wa kilomita 2.4 kwa saa. Migusano 10 kwa sekunde ni kilomita 24 kwa saa. Fundi wa redio yeyote anaweza kuelewa kazi hiyo kwa dakika kumi.

Aina ya pili haina vikombe. Ni kisanduku kidogo chenye betri, kinachofungwa kwenye bomba la mbele la turubai. Chenyewe hakipimi upepo, kinapima mtikisiko. Bomba likitikisika kupita kiasi kilichopangwa, kisanduku kinatuma habari kwa mota bila waya. Kwenye motoka-nyumba aina hii inapendwa, kwa sababu hakuna vikombe vya kugonga matawi ya miti barabarani.

Kifo cha kimya

Hebu tufuate njia ya kuharibika. Jua linakausha plastiki ya vikombe mpaka inakuwa kama ganda la yai. Siku moja ndege anatua juu yake, au tawi linaanguka, na kikombe kimoja kinakatika. Viwili vilivyobaki vinazunguka kwa kuyumba, na kuyumba huko kunakula rulma. Au vumbi la kiangazi linaingia ndani ya rulma, mvua ya kwanza inaligeuza tope, kutu inafuata. Vikombe vinakuwa vizito. Upepo wa kilomita 40 unapita, kifaa kinaandika 25. Baadaye kinasimama kabisa.

Sasa kifaa kinasema nini? Kinasema sifuri. Waya ukikatika, sifuri. Kile kichupa cha kioo kikipasuka, sifuri. Rulma ikikwama, sifuri. Lakini sifuri ndiyo namba ile ile ya asubuhi tulivu isiyo na upepo hata kidogo. Mota inasoma “shwari”, turubai inabaki wazi, na mwenyewe amelala kwa amani kwa sababu ana kipima. Mtu asiye na kifaa angetazama mbingu. Huyu hatazami, maana anaamini kuna mwingine anayemwangalizia.

Watu wa Kamina wanaweza kuelewa jambo hili kuliko wengi, kwa sababu wanaishi kwenye mji wa reli, mahali njia ya Lubumbashi inapogawanyika, moja kwenda Kananga na Ilebo, nyingine Kabalo na Kalemie. Breki ya hewa ya treni ilitengenezwa kwa akili nyingine. Bomba la hewa likikatika kati ya mabehewa, breki haziachi kazi. Zinakamata zenyewe, treni inasimama. Mwenye kuitengeneza alijiuliza: kitu kikiharibika, kiharibikie upande gani? Akachagua upande wa usalama.

Baadhi ya turubai za mota zinafuata akili hiyo. Kisanduku cha mtikisiko kinatuma ishara kila baada ya muda, na mota isipoisikia, inahesabu kwamba kuna hatari na inakunja turubai. Mtu anayekuta turubai yake inajikunja bila upepo atakasirika, kumbe ni betri zimekwisha tu. Hasira hiyo ni nafuu kuliko turubai iliyopasuka. Mwenye kununua au kufunga kifaa cha namna hii aulize kwanza: kikinyamaza, mota itafanya nini?

Kubadilisha piesi, hatua kwa hatua

Kazi hii haihitaji karakana kubwa. Inahitaji turnevisi ndogo, koleo, testeri, chuma cha kuchomelea risasi, na uvumilivu.

Kwanza, kunja turubai na ukate umeme wa mota. Mota inayoamka wakati mkono uko kwenye mikono ya turubai inaweza kuvunja vidole. Kama kipima kiko juu ya nyumba, mtu wa pili ashike ngazi. Na kukiwa na wingu la radi, hata la mbali, kazi iahirishwe. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zenye kupigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na fimbo ya chuma juu ya bati si mahali pa kusimama.

Pili, piga picha kwa telefone kabla ya kufungua chochote. Rangi ya kila waya na upande kipima kilikoelekea vionekane. Wengi wanapotea kwenye kufunga, siyo kwenye kufungua.

Tatu, zungusha vikombe kwa kidole kisha uache. Kipima kizima kinaendelea kuzunguka na kusimama polepole. Kikisimama ghafla au kikitoa sauti ya mchanga, rulma imekwisha. Kitikise pembeni pia. Mhimili ukicheza, rulma imelegea.

Nne, vikombe. Mara nyingi vinashikwa na visi moja ndogo katikati. Ifungue, vuta vikombe kwenda juu sawasawa, usipige nyundo. Vikombe vipya viwe vya aina ile ile. Ukubwa wa kikombe na urefu wa mkono wake ndivyo vinavyofanya hesabu iwe ya kweli, na ukiweka vikubwa zaidi au vyenye mikono mirefu, kifaa kitaandika namba nyingine kwa upepo ule ule. Kuunganisha kikombe kilichovunjika kwa kola ni msaada wa siku chache tu. Kola ina uzito, upande mmoja unakuwa mzito kuliko mingine, na kuyumba kunaanza upya.

Tano, rulma. Namba yake imeandikwa kwenye ukingo. Kwa mfano, 623 maana yake ni tundu la milimita 3, upana wa nje milimita 10, na unene milimita 4. Kwa namba hiyo mtu anaweza kuitafuta Lubumbashi au kumwagiza ndugu, bila kununua kipima kizima. Unapoiingiza kwenye nyumba yake, sukuma ukingo wa nje, usisukume wa ndani, maana gololi zitaumia kabla ya kazi kuanza. Usijaze grisi ya magari, ni nzito na vikombe vitashindwa kuamka kwenye upepo mdogo. Kama rulma ni ya wazi, tone moja la mafuta ya mashini ya kushona linatosha. Ile iliyofungwa tayari kiwandani isiongezewe kitu.

Sita, kichupa cha kioo. Weka testeri kwenye upande wenye kulia, gusa nyaya mbili za kipima, zungusha vikombe polepole. Testeri inapaswa kulia, kunyamaza, kulia, kunyamaza. Ikinyamaza moja kwa moja, waya umekatika au kichupa kimekufa. Ikilia bila kuacha, vipande vimegandana. Kichupa kipya ni cha bei ndogo lakini kinapasuka haraka. Ukikunja miguu yake, ishike kwa koleo kati ya kioo na mahali unapokunja. Choma risasi kwa haraka ili moto usifike kwenye kioo. Kikae mahali pale pale cha zamani kilipokuwa. Kikiwa mbali kidogo na sumaku, hakitaisikia.

Saba, waya. Angalia mahali unapopita kwenye ukingo wa bati au wa chuma, hapo ndipo unapokatwa. Kabla ya kuingia kwenye kisanduku, uache ushuke kidogo chini kisha upande, ili maji ya mvua yadondoke pale chini badala ya kufuata waya mpaka ndani. Viunganishi vyenye kutu ya kijani visafishwe au vikatwe na kufungwa vipya.

Kwa kisanduku cha mtikisiko, kazi ni ndogo zaidi: betri mpya, kusafisha meno ya betri, na kuangalia kama mpira wa kuzuia maji bado ni mzima. Ukipasuka, maji yataua kifaa kabla ya betri kwisha.

Jaribio la mwisho

Kipima hakijatengenezwa mpaka kimejaribiwa. Rudisha umeme, kunjua turubai, zungusha vikombe kwa mkono kwa nguvu au tikisa bomba, kisha subiri. Turubai lazima ijikunje. Isipojikunja, kazi haijaisha, hata kama kila kitu kinang'aa.

Kujua kama namba ni za kweli, kuna njia ya zamani. Asubuhi isiyo na upepo, kwenye barabara iliyonyooka na tupu, motoka iende kilomita 30 kwa saa bila kubadilisha mwendo. Aliyekaa pembeni ya dereva anainua kipima kwa fimbo juu ya paa, mbali na upepo unaosukumwa na motoka yenyewe, na kusoma. Rudieni kwa kurudi upande wa pili na mtafute wastani. Kikiandika 29 au 31, ni kizuri. Kikiandika 20, kinadanganya kwa upande mbaya.

Je, vile visivyozunguka si bora?

Kuna vipima vinavyotumia sauti. Kifaa kinatuma mlio ambao sikio la mtu halisikii, na kupima muda unaotumia kusafiri. Upepo ukiusukuma, unafika mapema; ukiupinga, unachelewa. Hakuna kikombe, hakuna rulma. Shirika la TAHMO, lililoweka mamia ya vituo vya hali ya hewa katika nchi za Afrika, mara nyingi kwenye viwanja vya shule, lilichagua kituo cha aina hii kwa sababu hiyo hiyo. Mahali ambapo fundi yuko mbali, kitu kisichozunguka kinaishi muda mrefu.

Lakini faida hiyo ina bei yake. Utando wa buibui, kinyesi cha ndege au tope kwenye njia ya sauti vinaharibu hesabu, basi kusafisha kunabaki pale pale. Na kikifa kweli, fundi wa kartye hawezi kukifungua na kukifufua kwa rulma ya franka kidogo. Kinabadilishwa kizima, au kinarudishwa kilikotoka. Cha vikombe kinaharibika mara nyingi, ila mtu anakitengeneza mwenyewe. Mahali penye usafiri mgumu wa mizigo, pande zote mbili zipimwe kabla ya kununua.

Wenye mashine kubwa wanalijua jambo hili. Kwenye shamba la upepo la Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuna mashine 365 zenye nguvu ya jumla ya megawati 310. Kila moja inapima upepo juu ya kichwa chake, na upepo ukizidi mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, mashine inajisimamisha. Kipima kikisema uongo pale, hasara si ya turubai moja.

Kwa mwenye bashi bila kifaa

Wakaaji wengi wa Haut-Lomami hawana mota wala kipima, na hawahitaji kungoja kuvipata. Alama za upepo ziko mbele ya macho, na mabaharia na watu wa hali ya hewa wamezipanga kwa namba tangu kazi ya Francis Beaufort mwaka 1805.

Majani na vitawi vidogo vikicheza bila kuacha, upepo ni kilomita 12 mpaka 19 kwa saa. Bashi iko salama. Vumbi na makaratasi vikiinuka, ni 20 mpaka 28. Kaza kamba, ondoa vitu vyepesi. Miti midogo ikianza kuyumba yote, ni 29 mpaka 38. Huo ndio wakati wa kukunja. Matawi makubwa yakitikisika na nyaya zikipiga mluzi, ni 39 mpaka 49. Hapo umechelewa: usishike kamba kwa mkono, toa watoto chini ya bashi, mali itafuata.

Kitambaa chepesi kilichofungwa juu ya mti mrefu katikati ya soko kinaonyesha upepo kabla haujafika kwenye meza, na kila mtu anakiona. Nacho pia kinachakaa. Kikijisokota kwenye mti, kitaning'inia bila kucheza hata dhoruba ikija, na watu watasema kumetulia. Kabla ya mvua za kwanza, mtu mmoja apande akifungue, kama vile mwenye turubai ya mota anavyopaswa kupanda na kuzungusha vikombe vyake kwa kidole.